Ushahidi katika kesi ya ubakaji Kenya: mwongozo kwa mwanamke mlalamishi na anayemsindikiza

Hadi mwaka 2003, mwanamke aliyesimama katika mahakama ya Kenya na kusema amebakwa alitazamiwa kuja na kitu ambacho mtu aliyeibiwa ng'ombe hakuulizwa: ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Usipokuwepo, hakimu alipaswa kujionya kwanza juu ya hatari ya kuliamini neno lake peke yake. Kanuni hiyo haikutungwa na Bunge. Ilikuwa mazoea ya majaji, na katika kesi ya Maina ya mwaka 1970 sababu yake ilisemwa bila kuficha: eti wanawake na wasichana wakati mwingine hutunga kisa ambacho ni rahisi kukitunga na vigumu kukikanusha. Mahakama ya Rufaa iliivunja kanuni hiyo katika kesi ya Mukungu dhidi ya Jamhuri, ikasema kumdai mtu ushahidi wa ziada kwa sababu tu ni mwanamke ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba.

Leo linalotawala ni sharti la mwisho la kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Katika kosa la ngono, ikiwa ushahidi uliopo ni wa mwathiriwa pekee, mahakama itaupokea na inaweza kumtia mshtakiwa hatiani, mradi iridhike kwamba mwathiriwa anasema kweli, na sababu za kuridhika huko ziandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Shika hayo mawili, hasa la pili. Hakimu akiandika tu kwamba amemwamini mlalamishi bila kueleza kwa nini, wakili wa mshtakiwa amepata pa kuanzia rufaa. Kwa hiyo kazi yako, ya mpelelezi na ya kiongozi wa mashtaka ni kumpa hakimu sababu za kuandika. Sababu hizo huanza kukusanywa siku ya tukio, kabla hata mtu yeyote hajakamatwa.

Hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye

Hospitali ya umma haina haki ya kukudai nambari ya OB (nambari ya ripoti yako katika kitabu cha matukio cha polisi) ndipo ikutibu. Ukiambiwa hivyo, mwombe msimamizi wa zamu. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Matibabu haya hayalipiwi katika hospitali za umma.

Ukiweza, usioge, usijisafishe sehemu za siri wala usifue nguo kabla ya kupimwa. Ikiwa umeshaoga, nenda vilevile na useme umeoga. Michubuko haitoki kwa maji. Nguo ulizovaa zitiwe kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, kila nguo mfuko wake. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, unyevu hukuza ukungu, na ukungu huharibu chembechembe ambazo Mkemia wa Serikali angezipima. Ukihisi ulitiliwa dawa kwenye kinywaji, sema mapema ili mkojo na damu vichukuliwe, maana dawa hizo hutoka mwilini haraka.

Fomu mbili zitakuhusu. Ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyekupima, kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja hubaki hospitali. Ya P3, yaani fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, hutolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya. Usiondoke hospitalini bila nakala yako ya PRC. Faili za polisi hupotea, na nakala iliyo kabatini kwako imewahi kuziokoa kesi. Isome kabla ya kuondoka. Tarehe na saa ya tukio, saa uliyopimwa na idadi ya waliokushambulia lazima vilingane na utakachosema polisi. Tarehe iliyokosewa na muuguzi mwenye foleni ndefu itasomwa kortini miaka miwili baadaye kana kwamba ni wewe uliyeibadilisha.

Je, ikiwa hukupimwa kabisa, au ulipimwa na hakuna kilichoonekana? Kesi haijafa. Katika Kassim Ali dhidi ya Jamhuri (2006), Mahakama ya Rufaa ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuamui kesi, kwani ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa ushahidi wa mazingira. Katika AML dhidi ya Jamhuri (2012) ikasema kosa hili halithibitishwi kwa kipimo cha DNA bali kwa ushahidi. Upande wa pili pia uujue: kizinda kilichochanika, peke yake, hakithibitishi kitu. Mwaka huohuo wa 2012, katika PKW dhidi ya Jamhuri, mahakama hiyohiyo ilikumbusha kwamba kinaweza kuchanika kwa sababu nyingine, na wapo wanaozaliwa bila hicho. Kiongozi wa mashtaka anayeegemea kizinda tu anajenga juu ya mchanga.

Taarifa ya polisi: karatasi utakayokutana nayo tena

Fika kituoni, ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya OB. Omba afisa wa dawati la jinsia. Ukitaka wa kike, sema.

Kisha utaandikisha taarifa, na hapa twende polepole. Mara nyingi wewe utaeleza kwa Kiswahili, Kigiriama au Kiluo, na afisa ataandika kwa Kiingereza. Unachotia sahihi ni tafsiri yake, siyo maneno yako. Chini ya Katiba, kifungu cha 50(2)(j), mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake, na taarifa yako imo. Wakili wake ataisoma mstari kwa mstari, na Sheria ya Ushahidi inamruhusu kukuuliza kwa nini uliyosema leo hayafanani na uliyoandikisha siku ile.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi:

Mwambie afisa akusomee taarifa yote kwa lugha unayoielewa, naye aandike mwishoni kwamba amekusomea na kwa lugha gani. Kosa likionekana, likatwe kwa mstari mmoja, lirekebishwe, na nyote wawili mtie sahihi ya kifupi pembeni. Jambo usilolikumbuka vizuri, kama saa, liandikwe kwamba hulikumbuka vizuri. "Jioni, kabla ya magharibi" ni bora kuliko "saa 12:15" ya kubahatisha. Ukikumbuka jambo baada ya wiki, rudi uandikishe taarifa ya nyongeza. Usilihifadhi la kusema kortini, kwa sababu utetezi utaliita la kutunga.

Eleza pia uliyemwambia wa kwanza, hata kama ni jirani au shangazi, na maneno uliyomwambia. Maelezo uliyotoa karibu na wakati wa tukio yanaweza kutolewa mahakamani kuonyesha kwamba hujabadilika. Shahidi wa namna hii husahaulika mno, ilhali ni miongoni mwa sababu nzuri ambazo hakimu anaweza kuziandika.

Ukichelewa kuripoti, sababu ya kuchelewa iandikwe palepale: vitisho, kwamba mhusika ndiye anayelipa kodi ya nyumba, kwamba familia ilikutaka mmalizane nyumbani. Kuchelewa hakufuti kosa, ila kuchelewa kusikoelezwa humwachia wakili wa utetezi nafasi ya kulieleza yeye.

Mambo matatu ambayo lazima yasikike

Chini ya kifungu cha 3 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kuthibitisha kwamba uliingiliwa, kwamba hukuridhia, na kwamba aliyefanya ni huyu aliye kizimbani. (Kwa aliye chini ya miaka 18 kosa huwa ni unajisi: kuridhia hakuulizwi, na umri ndio unaothibitishwa, kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, mzazi au daktari.)

*Kuingiliwa.* Sheria inasema kuingiza kwa sehemu au kwa ukamilifu. Si lazima shahawa zionekane. Tatizo liko mdomoni: heshima hutufundisha kuzunguka. Kwa watoto, mahakama zimekubali mafumbo. Katika kesi ya Muganga Chilejo Saha ya mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilitaja "alinifanyia tabia mbaya" miongoni mwa semi zinazoeleweka kuwa ni maelezo ya kosa lenyewe. Kwa mtu mzima usitegemee upole huo. "Alinilala" au "alinifanyia vibaya" yanaweza kubeba mambo kadhaa, na wakili mjanja atakubali kwamba alikushika tu. Sema ni kiungo gani chake na kiliingia wapi mwilini mwako. Jizoeze kuisema sentensi hiyo moja, mara moja, mbele ya mtu unayemwamini. Maneno mengine ya ushahidi wako usiyakariri kamwe. Ushahidi uliokaririwa hujulikana kwa masikio.

*Kutoridhia.* Kifungu cha 42 kinasema mtu ameridhia ikiwa amekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Hakuna panapodai upige kelele, upigane au uwe na majeraha. Kifungu cha 44 kinakwenda mbali zaidi: ikithibitishwa kwamba palikuwa na nguvu au tishio la nguvu, kwamba ulikuwa umefungiwa, umelala au umezimia, au kwamba ulinyweshwa kitu cha kukulevya, mahakama itachukulia hukuridhia mpaka mshtakiwa alete ushahidi wa kutosha kulitia jambo hilo shaka. Kwa hiyo eleza hali ilivyokuwa: mlango ulifungwa na nani, ufunguo ulikaa wapi, kisu kilikuwa mkono gani, alisema nini. Usikomee kwenye "sikutaka".

Utetezi unaweza kuleta kesi ya Oyier ya mwaka 1985, iliyotaka ionekane kwamba mwanamke alipinga kwa mwili au hakuwa na uwezo wa kuamua. Kumbuka uamuzi huo uliitangulia sheria ya 2006 kwa zaidi ya miaka 20, na kwamba ndani yake mna jingine linalokufaa: mwanamke anayenyamaza kwa kuhofia kifo au kwa kulazimishwa amebakwa, na hata aliyekubali mwanzo amebakwa ikiwa baadaye nguvu ilitumika. Mkumbushe kiongozi wa mashtaka.

Palipo na ndoa halali, mlango huu umebanwa. Kifungu cha 43(5) kinawaondoa wanandoa, na njia inayobaki ni Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, inayotoa amri za ulinzi, au shtaka la kushambulia na kujeruhi.

*Ni yeye.* Kesi ambayo mlalamishi aliaminiwa kwamba alibakwa lakini haikuthibitika ni nani ni kesi iliyopotea. Mahakama husita sana panapokuwa na shahidi mmoja aliyemwona mtu usiku. Taarifa yako ijibu: mwanga ulitoka wapi (taa ya koroboi, mbalamwezi, simu) na ulikuwa mkali kiasi gani, mlikuwa umbali gani, ulimwona uso kwa muda gani, je, ulimjua kabla, na kwa jina lipi. Tangu kesi ya Anjononi ya mwaka 1980, kumtambua mtu unayemfahamu kumehesabiwa kuwa na uzito kuliko kumtambua mgeni. Basi ikiwa unamfahamu, mtaje kwenye ripoti ya kwanza kabisa. Ukisema kwanza "watu nisiowajua", kisha baada ya siku nne ukamtaja mwana wa jirani, utalazimika kueleza hizo siku nne.

Ikiwa hukumjua, omba gwaride la utambulisho, ambapo humchagua mshukiwa katika safu ya watu, na kabla yake ukatae kuonyeshwa picha yake, kupitishwa karibu na seli au kuambiwa amevaa nini. Ukimwona mapema gwaride halina thamani tena, na kumnyooshea kidole kizimbani kwa mara ya kwanza hakuna uzito mkubwa.

Siku ya kutoa ushahidi

Kabla ya tarehe hiyo, mwombe kiongozi wa mashtaka akuruhusu uisome taarifa yako. Ni haki ya kawaida ya shahidi kujikumbusha. Mwambie pia akuombee hatua za ulinzi chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Ngono. Mlalamishi anaweza kutangazwa shahidi aliye katika hatari kwa sababu tu ndiye mwathiriwa. Hahitaji kuleta cheti cha ugonjwa. Baada ya hapo mahakama inaweza kuamuru utoe ushahidi nyuma ya kizuizi kinachokukinga macho ya mshtakiwa, uzungumze kupitia msaidizi, kesi isikilizwe bila watu wa nje, jina lako na lolote la kukutambulisha lisichapishwe, au hatua nyingine yoyote inayofaa. Hiyo ya mwisho itumie vizuri. Washtakiwa wengi hawana mawakili, maana yake ni kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekuhoji. Inawezekana kumwomba hakimu maswali ya mshtakiwa yapitie kwake. Vyumba vya mahakama havilingani. Shanzu, Mombasa, pana mahakama maalumu ya kesi hizi tangu 2022, kwingine kizuizi huenda kikawa ni kabati lililosogezwa. Omba mapema.

Kiongozi wa mashtaka ataanza kukuuliza, kisha utetezi, kisha kiongozi tena kwa yale yaliyovurugwa. Hapo kati ndipo penye moto.

Maswali kuhusu wanaume uliokuwa nao, au kama una mtoto nje ya ndoa, yamewekewa ukuta na kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Ngono. Hakuna ushahidi wala swali kuhusu maisha yako ya kimapenzi ya nyuma mpaka wakili au mshtakiwa aombe ruhusa ya mahakama na apewe. Ruhusa inaweza kutolewa, kwa mfano, ili kueleza mimba, ugonjwa au shahawa zilizopatikana zilitoka wapi, iwapo jambo hilo linabishaniwa. Haiwezi kutolewa ili kuonyesha kwamba mwanamke wa namna yako huwa anakubali, au kwamba hastahili kuaminiwa. Na hakimu lazima aandike sababu za uamuzi wake.

Udhaifu wa ukuta huu ni kwamba mara nyingi hakuna anayeusimamia. Swali hutupwa, shahidi hujibu kwa aibu, na jibu limeshaingia. Ukiulizwa hivyo, usijibu. Mgeukie hakimu, useme: "Mheshimiwa, naomba kuuliza kama ninatakiwa kujibu swali hilo." Sentensi hiyo humpa kiongozi wa mashtaka muda wa kusimama, na hakimu nafasi ya kuamua. Nje ya kifungu cha 34, Sheria ya Ushahidi, vifungu vya 159 na 160, inampa hakimu uwezo wa kukataza maswali machafu yasiyohusu jambo linalobishaniwa na yale yanayokusudia kutukana au kuudhi.

Mengine ni ya kawaida na utayajibu. Ukiambiwa "ni kweli, siyo, kwamba mlikuwa wapenzi na mlikosana kwa pesa?", jibu ni "si kweli", basi. Usijieleze zaidi ya swali. Swali lenye mambo mawili ndani yake liombe ligawanywe. Ukitaka kulia, omba dakika tano. Hakimu anaandika kwa mkono na huenda naye anazihitaji. Ukionyeshwa tofauti kati ya taarifa na maneno yako, usikane kilicho wazi. Eleza kama ilisomwa kwako au la, na kwa lugha gani. Tofauti ndogo haziangushi kesi. Zinazoiangusha ni zile zinazogusa yale mambo matatu.

Simu

Ujumbe wa "nisamehe, ilikuwa pombe" unaweza kuwa na thamani kuliko fomu ya daktari. Lakini ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa, jinsi nakala ilivyotolewa na nani aliyeitoa, kikiwa na sahihi. Usiiuze simu, usiibadilishe, usifute hata majibu yako mwenyewe yanayokutia aibu. Mazungumzo yaliyokatwa huleta shaka kuliko neno lolote lililomo. Mkabidhi mpelelezi, na uandikiwe kwamba ameichukua.

Yanayotokea njiani

Wazee wakikuita mkamalizane kwa mbuzi na pesa, jua kwamba uamuzi wa kusitisha upelelezi au kesi ya kosa hili hauko mikononi mwako wala mwao. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kiliuweka kwa Mwanasheria Mkuu, na kazi hiyo sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ukiacha kuja unaweza kupelekewa samansi, na hata hati ya kukamatwa. Ukitishwa, piga ripoti upate OB nyingine na umweleze kiongozi wa mashtaka, ili aombe dhamana ya mshtakiwa ifutwe.

Hakimu akihamishwa, mshtakiwa ana haki chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kudai mashahidi waitwe na kusikilizwa upya. Inachosha na haina haki ndani yake, kwa maoni yetu, lakini ipo. Wakili wako anaweza kuipinga kwa hoja ya madhara utakayopata, kwa hiyo ni vyema uwe naye. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake kisheria bila malipo, na laini ya 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kusikika, na Mahakama ya Juu, katika kesi ya Waswa ya 2020, ilikubali wakili wa mwathiriwa ashiriki, ila asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili.

Mwisho wa ushahidi, wakili huyo au kiongozi wa mashtaka aandike hoja zenye aya moja mahsusi kuhusu kifungu cha 124: kwa nini uaminiwe, nukta kwa nukta, na ukurasa wa mwenendo wa kesi ambapo kila nukta inapatikana. Hakimu mwenye mafaili mengi huandika kwa urahisi sababu alizoandaliwa. Mshtakiwa akiachiliwa, omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo na uende nayo ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Rufaa ni yake kukata, na muda ni siku 14.